Fade, Dwindle na Mwalimu wa Jumamosi

Mbelu, muuza vitenge anayejifunza Kiingereza ili afanye biashara Zambia, hukaa dawati la mbele katika darasa la Jumamosi la watu wazima pale parokiani. Ndiyo maana anamwona vizuri mwalimu. Kabla ya kuandika, mwalimu hupapasa ubao kwa kiganja, na neno likiisha huacha kidole gumba pale pale ili ajue pa kuendelea. Sauti yake haina haraka. "Fade iko ya rangi, ya sauti, ya mwanga," alisema leo. "Unafula kitenge na sabuni, rangi inafade. Dwindle iko ya vitu vya kuhesabu, vinapunguka kidogo kidogo, sawa vile samaki ya mtoni Bukama. Vanish muache, ile inapotea mara moja."

Halafu akaandika mfano mpya juu ya ule wa kwanza, herufi zikapandana. Mama yake Mbelu naye alianza hivyo, kwa kumwaga chai pembeni ya kikombe, kabla hajapofuka.

"Mama Mbelu, soma."

Hapakuwa na kitu cha kusomeka. "The light is fading," akasema, akijitungia sentensi ya mwanga unaofifia.

Mwalimu akashusha chaki. Akasogea karibu. "Miye niliandika dwindle, Mama," akanong'ona. "Maandishi iko mubaya sana?"

"Iko mubaya, mwalimu."

Mbelu akainuka, akachukua kitambaa, akaufuta ubao wote kabla wanafunzi wa nyuma hawajauliza.