Mhudumu wa Ushirombo aliyemsikiliza ‘kichaa’ wa trekta

Saa mbili asubuhi. Theopista Januari anaegemeza fagio ukutani na kuketi sakafuni, katika wodi ya zahanati moja karibu na Ushirombo. Mbele yake ameketi mwanamke aliyefungwa mikono kwa kamba ya ng’ombe.

“Mwangaluka, Mama Masele,” anamwamkia kwa Kisukuma.

Mama huyo anaitwa Nyamizi; Masele ni mwanawe wa kwanza. Kesho lori litampeleka Dodoma, hospitali ya wagonjwa wa akili. Tangu mvua zianze, amelala mara tatu mbele ya trekta la kijiji. Mumewe, Maganga, amekuwa akimfunga kwenye nguzo ya ghala kwa miezi miwili. Miezi miwili! Na hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza kwa nini.

Theopista hana cheti chochote. Anafagia, anafua mashuka na kumwaga mabeseni kwa shilingi 380 kwa mwezi. Lakini mwaka 1971 alihudhuria semina ya wiki moja, na neno moja halijamtoka.

“Mwalimu wa semina alisema mgonjwa ndiye anayeyajua maisha yake,” anasimulia. “Usimhukumu, usimfundishe. Kaa naye mpaka uone anavyoona yeye. Wenzangu walicheka. Mimi nikasema, kumbe hata sisi tusiochoma sindano tuna kazi!”

Kwa siku mbili Theopista ameketi na Nyamizi kila amalizapo kufagia. Leo mama huyo anasema, macho chini, “Trekta linapita juu ya wanangu.”

Shamba jipya la pamba la kijiji ndipo palipokuwa kwao kabla ya kuhamishiwa kijijini mwaka 1974, miaka mitano iliyopita. Hapo walizikwa mapacha wake, waliokufa wakiwa na siku tano. Huku watoto wachanga huzikwa na wanawake, bila matanga wala tuta, na wanaume hawaulizi. Wakati huo Maganga alikuwa Songwa, akitafuta kazi kwenye machimbo ya almasi. Aliporudi aliambiwa watoto wamekufa, basi.

“Kwa hiyo likipita, unaona linawalima wao,” anasema Theopista.

“Ehe.” Nyamizi anainua uso. “Wewe umeona.”

Mwandishi wa habari hizi aligeuka. Mlangoni alikuwa amesimama Maganga, amekuja na kamba nyingine ya safari. Ilimdondoka.

“Mayu wane, mama yangu! Nilidhani ni mashetani,” alisema. “Nimemfunga mama wa wanangu kama ndama!” Kisha akamgeukia mkewe. “Ni upande gani wa shamba, Mama Masele?”

Mganga wa zahanati ameahirisha safari kwa wiki moja. Trekta linarudi shambani Jumatatu.

“Jumamosi nina mapumziko,” anasema Theopista. “Atatuonyesha mwenyewe, tutaweka mawe. Halafu nitamwendea mwenyekiti wa kijiji, aamuru trekta lipakwepe.”

Na mwenyekiti akikataa?

“Basi trekta litatukuta tumelala wawili.”

Maganga amepiga magoti, anahangaika na fundo alilolikaza mwenyewe mikononi mwa mkewe.

“Watatu,” anasema.