Filamu Tulizoacha Katikati

Nyumbani kwetu Kawangware filamu hazikuwa zikiisha. Nimeona wanaume wengi wakiingia msituni kumtafuta aliyemuua baba yao, lakini kama walimpata au hawakumpata, hilo siwezi kukuambia. Simu ya baba ilikuwa imelia.

Tulikaa wawili tu, mimi na baba, kwenye ploti ya vyumba vya mabati vya kupanga, nyuma ya steji ya matatu ya 56. Mimi husuka nywele katika saluni moja hapo barabarani. Yeye alikuwa fundi wa mawe mpaka mgongo ulipomkatalia. Mama alikuwa amerudi nyumbani, Magharibi, tangu moyo wake uanze kuvimba, na mdogo wangu wa kiume ndiye aliyekuwa akimwangalia. Kila Jumapili tukitoka kanisani nilipitia duka la muvi wanijazie flash, nikifika napika chai, baba anavuta kiti chake karibu na TV, tunaanza. Alipenda za karate zilizotafsiriwa, zile ambazo DJ anawasemea watu wote kwa Kiswahili cha mtaani na kuwaongezea matusi ambayo wenyewe hawakuyatoa. Baba alicheka mpaka akakohoa. "Stelingi hafi," alikuwa akiniambia shujaa akipigwa nikashtuka, kama mtu aliyekuwepo wakati wanapiga picha.

Halafu simu.

Watu wa kijiji chetu walioko Nairobi wana chama cha mazishi, na baba ndiye alikuwa mwenyekiti. Mtu akifa kule nyumbani, mfiwa aliye huku hapigiwi simu. Anapigiwa baba. Baba humchukua mwenzake mmoja, maana kazi hiyo haifanywi na mtu peke yake, wakaenda mpaka mlangoni kwa mfiwa na kumwambia ana kwa ana. Kabla hawajafika, kila mtu kijijini amekatazwa kumpigia mfiwa, hata kwa salamu tu, isije sauti ikamsaliti. Na mfiwa mwenyewe akipiga, hawapokei. Zamani kijana mmoja wa kwetu aliambiwa habari za mtoto wake kwa simu akiwa juu ya mjengo, orofa ya juu kabisa, na baada ya hapo wazee wakakata shauri. "Simu haina mikono," baba alikuwa akisema. "Mtu akianguka itamshika na nini?"

Kazi yangu ilikuwa rimoti. Simu ikilia nasimamisha picha, baba anatoka nje mpaka kwenye kamba za nguo, kwa sababu hakutaka habari za namna hiyo zisemewe chumbani. Namsikia: "Eeh. Lini? Haya." Mimi nimekaa na mtu wa karate aliyeganda hewani mguu juu, chai inapoa. Baba akirudi akakaa, basi ilikuwa ni mtu anaulizia mkutano. Akirudi akachukua koti, nazima bila kuambiwa. Nilikuwa nikiichukia simu hiyo, mulika mwizi kuukuu isiyokuwa hata na picha, na siku moja nikamwambia waziwazi.

"Baba, si uizime tu masaa mawili? Waliokufa hawana haraka."

"Waliokufa hawana," akasema, "lakini majirani wana midomo."

Kuna Jumapili mwenzake alikuwa kazini, baba akaniomba nimsindikize mpaka Kibera, sehemu inayoitwa Raila, kwa mama mmoja wa kwetu anayeuza samaki wa kukaanga. Tulimkuta naye yuko kwenye muvi, miguu ndani ya beseni la maji moto, siku yake moja ya kupumzika. Alitukaribisha kwa furaha. Kisha akaliona koti la baba, akanitazama mimi, akalitazama tena koti. Kila mtu wa kwetu alijua baba akija na mtu wa pili maana yake ni nini. Baba aliomba maji ya kunywa, akayanywa polepole, akasema, "Mama, hebu tuzime hiyo TV kidogo."

Yule mama akaanza kutingisha kichwa. "Iache tu iwake, Mzee. Iache tu."

Baba akaizima mwenyewe. Akavuta stuli mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, akamwambia kwa lugha yetu kwamba mama yake ameaga. Maji ya beseni yalimwagika sakafu nzima. Mimi nilipanguza, kwa sababu sikuwa na jambo lingine la kufanya na sikuweza kumtazama usoni. Tukirudi nilimuuliza baba kwa nini lazima TV izimwe. Akasema huwezi kumwambia mtu neno kama lile huku kuna watu wengine wanacheka.

Mwaka huo mvua za masika zilipoanza, mama akalazwa hospitali ya kule nyumbani. Mdogo wangu alitupigia asubuhi na jioni. Amekunywa uji. Amekataa uji. Ameuliza kama mnafunga mlango vizuri. Kwa hizo simu sikulalamika, hata zilipolia stelingi akiwa amezingirwa. Jumamosi jioni alisema mama anapumua kwa taabu, ila daktari anakuja kumwona.

Jumapili asubuhi hakupiga. Tulipotoka kanisani nikampigia mimi. Iliita mpaka ikakatika. Nikajaribu shangazi, ikawa vile vile.

"Labda chaji," nikasema.

"Labda," baba akasema.

Nilipika chai, nikaweka filamu. Baba aliiweka simu kwenye stuli mbele yake. Siku nyingine za Jumapili mwenyekiti alikuwa akitafutwa na kila mtu: mwenye kesi, mwenye harusi, mwenye mtoto wa kutafutiwa kibarua. Siku hiyo simu ililala kimya tu, na chaji ilikuwa imejaa. Watu walipigana, DJ akatukana, na majirani wa upande wa pili, waliokuwa wakitazama hiyo hiyo, wakacheka hadi mabati yakatetemeka. Baba hakucheka hata mara moja.

"Baba, si tuwapigie tena?"

"Usiwapigie."

"Lakini ndugu yangu labda..."

"Usiwalazimishe kudanganya, mwanangu."

Basi tukatazama. Nilitamani simu ilie. Mimi, niliyeichukia vile, niliomba Mungu ilie, iwe ni mtu yeyote anayetaka upuzi wowote. Ndipo nikasikia geti la ploti likifunguliwa, na sauti ya mwanamume ikimuuliza mama wa chumba cha kwanza kama mwenyekiti yupo.

Walikuwa wawili. Mmoja ni makamu wa baba, fundi mwenzake wa siku nyingi, na mwingine ni mlinzi wa nyumba za mtaa wa Satellite ambaye ni mzee wa kanisa letu. Wote walikuwa na makoti, na jua lilikuwa kali. Baba aliwasalimia bila kuinuka. Makamu aliomba maji ya kunywa. Nikampa. Alikunywa kidogo tu, akakohoa.

"Mzee, hebu tuzime hiyo TV kidogo."

"Kaeni," baba akasema. "Iko karibu kuisha."

Wakatazamana. Baba ndiye aliyewafundisha kazi hiyo wote wawili, na hakuna kati yao aliyethubutu kuigusa TV yake. Wakakaa kwenye ukingo wa kitanda changu, makoti yamefungwa vifungo vyote, wakatazama. Nilikuwa na rimoti mkononi na sikujua niifanyie nini.

"Ongeza sauti," baba akaniambia.

Nikaongeza. Tulikaa wanne hivyo, tukimtazama mtu tusiyemjua akilipiza kisasi, na baba hakupepesa macho. Mzee wa kanisa alikuwa akilia bila sauti. Muda huo wote, kwangu mimi, hakuna aliyekuwa amekufa. Kisha adui akaanguka, muziki ukaja, majina yakaanza kupanda juu ya skrini, na baba akayangoja yote yapite mpaka pakabaki weusi mtupu.

Akainuka, akaizima. Makamu naye akainuka, akafungua mdomo, lakini baba akamwonyesha kwa mkono akae. Akavuta kiti chake, si upande wa wale wawili bali upande wangu, akakisogeza mpaka magoti yake yakagusa yangu.

"Mwanangu," akasema kwa lugha yetu, "mama yako ameaga."

Wale wawili walikuwa bado hawajamwambia neno.