Mheshimiwa Aliyesimama Nje ya Michongoma

Ukungu bado umelala juu ya mashamba ya chai ya Wamagana, Nyeri, na Magdaline Watiri ameshaanza mstari wa pili wa majani chai. Mikono inakwenda yenyewe: majani mawili na chipukizi, kisha yote yanarushwa kikapuni mgongoni. Aproni ya plastiki aliyojifunga inatiririka umande. Ana miaka sitini na tisa, na shamba hili si lake.

Kufikia adhuhuri yuko kwenye kituo cha kupimia majani. Foleni ni ndefu, lakini anapotokea tu wachumaji wenzake wanampisha.

“Mheshimiwa, pita mbele,” anasema mmoja wao.

“Niache tu hapa, nimefika saa hii,” anajibu Watiri, na kushika mkia wa foleni.

Jina hilo halikuanza kwa mzaha. Kwa mihula miwili Watiri alikuwa diwani katika sehemu hii ya Tetu, enzi za mabaraza ya zamani. Mabaraza yalipovunjwa na kaunti zikaja, aligombea kiti kipya cha mwakilishi wa wadi, akaangushwa na kijana mwenye gari na vipaza sauti. Hakumkabidhi mtu ofisi. Alikwenda asubuhi moja kuchukua mwavuli wake, akakuta kufuli jipya mlangoni.

Pensheni hakupata. Marupurupu ya mwezi yalipokatika, yalikatika. Tangu hapo yeye na madiwani wenzake wa zamani wamekuwa wakiomba wakumbukwe japo kwa kiinua mgongo. Kila msimu wa kampeni huahidiwa. Kura zikishahesabiwa, kimya. Ahadi ni deni, walisema wahenga, ila wahenga hao hawakuwahi kwenda kudai Nairobi.

“Tulikuwa tunakutana Nyeri mjini, tunajaza ukumbi,” anasema. “Siku hizi tunatoshea meza moja ya hoteli. Wengine wamezikwa wakingoja.”

Siku njema huchuma kilo thelathini, kwa shilingi kumi na mbili kila kilo. Baridi ya Julai ikibana, hata nusu ya hizo ni bahati. Lakini umaskini, anasema, alizaliwa nao na wanajuana. Kilichomshinda ni jina.

Huku, mtu akishawahi kuwa kiongozi hubaki kiongozi mpaka afe. Kadi za mchango humfikia yeye kabla ya wenye maduka. Mazishini ndiko kuzito zaidi. Anayeshika kipaza sauti huwaita viongozi, wa sasa na wa zamani, mmoja mmoja, wawasalimie waombolezaji. Na kiongozi hasimami mikono mitupu. Bahasha hutangulia, neno la faraja hufuata.

Watiri hafichi kwamba desturi hiyo aliinenepesha mwenyewe.

“Nikiwa na kiti, singepita matanga bila kuacha kitu. Watu wakipiga makofi, roho yangu inapaa. Sisi ndio tulifundisha watu ati mkubwa ni mfuko. Sasa mfuko imeisha, na watu bado wanaangalia mfuko.”

Basi akaanza kujificha. Kwanza alikosa mazishi ya watu wa mbali, kisha ya majirani. Mwaka jana akafariki Phyllis.

Phyllis ndiye aliyetembea naye kwa miguu kijiji hadi kijiji kumwombea kura, na ndiye aliyemvulia koti lake zuri ili akaapishwe akiwa nadhifu. Siku ya mazishi Watiri alivaa, akafika hadi kwenye ua wa michongoma wa boma la rafiki yake. Ndani, viongozi walikuwa wameanza kuitwa. Mfukoni alikuwa na noti moja ya shilingi mia mbili. Hakuingia.

“Nilisimama nje ya michongoma kama mwizi,” anasema. “Nikasikia wakiimba, nikajua wanamshukisha. Mimi huyu! Phyllis anaingia kwa udongo, na mimi naogopa kuitwa jina.”

Anafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Inauma hata kumsikiliza, kwa sababu hakuna aliyemfukuza.

Kim Wamae, mwakilishi wa wadi wa sasa, ni wa tatu kukalia kiti kile kipya alichokikosa Watiri.

“Mimi nikitoka, kuna kitu kidogo nitapewa,” anasema Wamae. “Huyu mama alifanya hii kazi kabla yangu, na hakupewa hata asante. Nikimwona na kikapu naona haya. Tena naogopa. Kila wiki niko na mazishi, na hakuna mtu anauliza nimesema nini. Wanauliza nimeacha ngapi.”

Wiki iliyopita, Wendy, bintiye Phyllis, alibisha hodi kwa Watiri. Mwezi ujao familia itafanya maombi ya kumbukumbu ya mwaka mmoja na kuweka msalaba mpya kaburini. Watiri alidhani ameletewa kadi ya mchango. Haikuwa kadi.

“Anti, mamangu alikuwa anauliza wewe mpaka siku ya mwisho,” Wendy alimwambia. “Sisi hatukungoja bahasha. Tulikutafuta pale kwa wamama, hatukukuona.”

Walilia wote wawili, na chai ikapoa mezani.

Kuhusu pensheni, Watiri hajakata tamaa. “Ikikuja, nitashukuru. Isipokuja, Mungu yuko.” Lakini ana mpango ulio karibu zaidi. Siku moja kabla ya maombi, wanawake wa kijiji watakusanyika kwa kina Wendy kumenya viazi na kuchagua mchele. Hao hukaa nyuma, karibu na moshi, na hakuna anayewaita kwenye kipaza sauti. Watiri hajakaa nao tangu siku aliyochaguliwa. Kiti chake kilikuwa hemani, safu ya mbele.

“Nitaenda mapema, na kisu yangu,” anasema. “Kesho yake yule mtu wa maiki akiita Mheshimiwa, wamwambie hayuko. Na hiyo jioni tukimaliza kumenya waru, nitaenda pale kaburi, peke yangu. Niko na pole ya mwaka mzima ya kumwambia.”