Delphia Ratliff na Mtalaka Wake

Delphia Ratliff alipoachana na mumewe Lonzo, watu wa bonde lao kule Kentucky walidhani muziki wao nao umekwisha. Nyumba ikauzwa, mbwa akabaki na Lonzo, Delphia akahamia kwa dada yake. Ijumaa iliyofuata Lonzo akaja na gari, akapiga honi, na Delphia akatoka na banjo yake. Dada mtu akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Si umemwacha huyo?"

"Nimemwacha mume," Delphia akajibu. "Mpiga fidla sijamwacha."

Lonzo hakuwa mlevi, wala hakuwahi kumnyanyulia mkono. Tabu yake ilikuwa kuficha. Mgodi ulipompunguza kazini hakusema. Kila asubuhi alibeba chakula chake, akashinda msituni mpaka jioni, na Delphia akaja kupata habari dukani. Alisema umaskini angeuvumilia, lakini kuishi na mlango uliofungwa hakuweza.

Basi wakaendelea hivyo kwa miaka, wakizunguka Virginia, Tennessee na Carolina na nyimbo walizorithi kwa bibi zao: za mabinti waliozama mtoni, za wachimba makaa ambao hawakurudi juu, na zile za kuchezwa mpaka mbao za sakafu zilie. Ndani ya gari waligombania dirisha na njia ya mkato. Jukwaani walisimama bega kwa bega mbele ya kipaza sauti kimoja; Lonzo akiushika wimbo wenyewe, Delphia akiupandia kwa sauti ya juu, na hapo hakuna ambaye angejua kama wamewahi kukosana.

Jumamosi moja ya vuli walikuwa wakipiga kwenye ukumbi wa kikosi cha zimamoto, watu wakicheza mchana kweupe, ndipo Delphia aliposikia upinde wa fidla ukitetemeka juu ya nyuzi. Ukatulia, kisha ukatetemeka tena. Hakugeuka. Aliongeza nguvu kwenye banjo, akamfunika, na wachezaji hawakugundua kitu.

Wakati wa mapumziko waliletewa maharage na mkate wa mahindi. Lonzo alishika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili, kisha akauficha mmoja chini ya meza.

"Mkono umeanza lini?"

"Mkono gani?"

"Lonzo, mimi si mkeo tena. Huna sababu ya kunidanganya."

Lonzo akacheka bila kutaka. "Tangu majira ya kuchipua. Daktari anasema ni mishipa ya fahamu, na haiponi. Nilikuwa nakutafutia mtu kwanza. Kuna binti mmoja Virginia, ananishinda mimi."

"Umenitafutia mpiga fidla kabla hujaniambia unaumwa?"

"Sikutaka nikuletee tatizo tupu."

Delphia akainuka, akatoka nje, akasimama kando ya gari la zimamoto. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira palikuwa na woga. Binti huyo angeweza kupiga kila kitu, hilo alilijua. Lakini yeye alikuwa amezoea kusikia pale Lonzo anapovuta pumzi, na hapo ndipo alipojua aingize wapi sauti yake. Akarudi ndani.

"Bibi yako alikuwa anapiga nini?"

"Bibi? Hakupiga kitu. Kanisa lake halikutaka hata kinanda. Aliimba tu."

"Basi na sisi tuimbe tu."

Kipindi cha pili vyombo vilibaki kwenye maboksi yake. Watu waliokuwa wamesimama tayari kucheza wakatazamana, kisha mmoja mmoja wakaketi. Sauti ya Lonzo ilikuwa na mikwaruzo ya vumbi la makaa, lakini haikuyumba. Katikati ya wimbo Delphia akamshika mkono. Si kwa mapenzi ya zamani, ila ulikuwa unagongesha funguo mfukoni na kumvurugia mdundo. Wimbo ulipokwisha hakuuachia.

Mialiko ya dansi ikapotea, ikaja ya makanisa na maktaba. Delphia ndiye aliyeendesha gari sasa. Na Lonzo, kwa kuchelewa sana, akajifunza kusema: "leo mbaya", au "leo afadhali", kabla hajaulizwa.

Mwishowe sauti nayo ikapungua. Walikuwa katika shule moja ya Carolina, wakisubiri kuitwa, Lonzo akasema, "Leo imba peke yako. Nitakaa mbele nikusikilize."

Alipofika jukwaani ndipo Delphia alipotambua kwamba maisha yake yote ameimba sauti ya juu tu; wimbo wenyewe ulikuwa wa Lonzo siku zote. Ikabidi autafute palepale, taratibu, macho ameyafumba, akiufuata jinsi alivyozoea kuusikia ukitoka kwa mtu aliyesimama kando yake. Aliufikisha mwisho.

"Ubeti wa pili umeupandisha mno," Lonzo akamwambia garini.

"Ungeimba mwenyewe."

"Ule wa tatu lakini," akasema, akishusha kioo cha dirisha. "Ule wa tatu ulikuwa sawa kabisa."