Jenereta ya Syokau

Mwaka wa 2009, mgao wa umeme ulipobana Machakos, Syokau aliuza ng'ombe wake wawili akanunua jenereta ya kuendesha mashine ya oksijeni ya mumewe, Kitonga. Jirani yao, mwalimu mstaafu, akalalamikia kelele kwa ofisi ya mazingira. Afisa akaja na kipimo cha sauti.

"Mama, imepita kiwango cha mtaa. Izime mpaka uijengee kibanda."

Syokau akabeba matofali mwenyewe. Siku ya tisa, fundi akiwa ameifungua jenereta abadilishe bomba la moshi ili ipunguze kelele, umeme ulipotea mchana kutwa. Kitonga alikata roho kabla ya saa kumi.

Baada ya mazishi afisa alirudi, akaiwasha jenereta kibandani, akapima.

"Sasa iko sawa, mama. Haisumbui mtu."

Syokau alitia sahihi kwenye fomu yake, akaizima.