Maji Yasiyoenguliwa

Jina la Bi Penseli alipewa na watu aliowagombeza, na hawakuwa wachache. Alikuwa mkuu wa maabara ya tishu katika hospitali ya serikali, chumba kirefu chenye madirisha mawili na feni iliyolalamika kila ilipozunguka. Kwa miaka ishirini na sita hakumruhusu mtu kuandika namba ya mgonjwa kwa wino. Wino unayeyuka kwenye spiriti, alisema, na ukiyeyuka nyama ya mtu inabaki haina mwenyewe. Daktari mmoja mgeni aliwahi kuleta sampuli zilizoandikwa kwa kalamu nzuri ya zawadi. Bi Penseli alimrudishia palepale dirishani, akamkabidhi penseli iliyochongwa, akasimama kumtazama mpaka alipomaliza kuandika upya. Tangu siku hiyo jina likamganda, na yeye hakulikataa.

Kwa asiyeijua kazi hiyo, iko hivi. Daktari akishuku uvimbe, hutoa kipande kidogo cha nyama na kukitia kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia kuoza. Maabara hukikausha maji, hukizamisha kwenye nta ya moto, na nta ikiganda inakuwa bloku ndogo ya kuficha kiganjani. Bloku inakatwa kwa mashine yenye wembe, unatoka utando mwembamba ambao ukiupumulia tu unapotea. Utando huo unalazwa uelee juu ya beseni la maji ya vuguvugu mpaka ukunjuke, kisha unanaswa kwa kioo, unatiwa rangi, na daktari wa hadubini anausoma. Beseni lenyewe ni dogo kama sufuria ya chai, lakini kila mgonjwa wa hospitali ile aliyeambiwa ana saratani au hana, alipita humo.

Hakuna aliyemfundisha Bi Penseli kuongoza maabara. Aliikuta na chupa zimepangwa sakafuni, na bloku za miaka mingi zimerundikwa kwenye maboksi ya sabuni. Alianza na daftari moja la kupokelea. Akaongeza ratiba ya kubadilisha dawa, akaibandika ukutani, na karatasi ya kuandika joto la beseni asubuhi na mchana. Bloku akazipanga kwa mwaka na namba, hata ukimwomba ya miaka tisa nyuma alikupa kabla hujapata kiti. Kisha akaweka daftari la kukatia: namba ya bloku, saa, herufi za aliyekata, na alama ya kumaliza. Wenzake walinung'unika kwamba wanaandika kuliko kufanya kazi. Aliwaacha wanung'unike, mradi wanaandika.

Masharti yake mawili hayakuwa na mjadala. La kwanza, ukimaliza bloku moja unapitisha karatasi laini juu ya maji yote, unaengua, hata kama huoni kitu, ndipo uguse bloku nyingine. Chembe ya mtu ikibaki ikielea, itapanda kwenye kioo cha mtu mwingine, na daktari hana namna ya kujua kwamba si yake. La pili, sampuli ya ndugu yako huigusi. Unampa mwenzako, unatoka nje, unakunywa maji. Mkono wa ndugu hauko sawa, aliwaambia, hata kama mwenyewe anaona uko sawa.

Pia kulikuwa na daftari la makosa. Kila aliyekosea aliandika mwenyewe, na aliyeandika mwenyewe hakugombezwa. Hilo liliwashangaza wote, maana kwa mengine yote aligomba. Msaidizi wake, baba mmoja wa watoto wanne waliyemwita Mpole, alikuwa akisema mama huyu akikosa mtu wa kugombeza anaigombeza feni.

Nyumbani hakuwa na mtu. Mume alikwishafariki na mtoto hawakujaliwa. Aliyekuwa naye ni mdogo wake, kitinda mimba wa kwao, fundi cherehani aliyeshonea sebuleni kwake mtaa wa pili. Mama yao alipokufa huyo mdogo alikuwa na miaka sita, na Bi Penseli ndiye aliyemsuka, aliyemsomesha, na aliyelia kuliko wote siku ya kumwoza. Alimpenda kuliko alivyojua kusema, kwa hiyo alimpelekea maziwa na kumkosoa mishono.

Mdogo mtu alipogundua uvimbe kwenye titi la kushoto, alikuja kumwambia dada yake huku akicheka. "Dada, leo nimekuletea kazi. Kesho wananichoma sindano ya kutolea nyama, na nyama inakuja kwako. Uipokee vizuri, usiigombeze."

Bi Penseli hakucheka. Kutwa nzima alipita mbele ya kabati la dawa akisahau alichofuata.

Siku ya kukata ilipofika, bloku ya mdogo wake ilikuwa ya kumi na nne kwenye foleni. Mpole alikuwa kwenye mashine tangu asubuhi, na saa tatu na robo alikuwa katikati ya bloku ya mama mmoja mgonjwa wa titi pia. Kengele ya dirishani ikalia, chupa za chumba cha upasuaji zimefika. Mpole akainuka kwenda kuzipokea. Kiti kikabaki kitupu.

Alichofanya Bi Penseli angemfukuza mtu mwingine kwa kukifanya. Alikaa, akaitoa bloku ya yule mama, akaweka ya mdogo wake. Alitaka isomwe siku ileile, basi. Aliogopa ikilala hapo mpaka kesho naye hatalala. Akakata, akaulaza utando majini, akaunasa, akaandika saa na herufi zake kwa penseli kama kawaida, akampisha Mpole. Mpole aliona. Nani angemwambia Bi Penseli kuhusu masharti ya Bi Penseli?

Jioni daktari wa hadubini alimwita, akamwonyesha kiti. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya chini, nao walifanya kazi pamoja miaka kumi na mbili. "Pole, Bi. Si nzuri," alisema.

Bi Penseli alishukuru kwa adabu, akatoka, akaingia stoo ya dawa na kujifungia. Alilia kama mama aliyefiwa.

Mdogo wake alikatwa titi baada ya siku tisa. Alipozinduka alisema sasa atashona blauzi kwa kitambaa pungufu, na muuguzi akacheka mpaka akajifuta machozi. Bi Penseli alichukua likizo ya nusu siku kila siku. Adhuhuri alikuwa kwa mdogo wake: alimwogesha, alimfunga bendeji, alimfanyisha mazoezi ya mkono, alimlisha hata alipokataa. Shemeji yake alimwambia hajui atamlipa nini. Mdogo wake alisema, "Dada, kama isingekuwa wewe kuiharakisha, ningekuwa bado nasubiri majibu. Umeniokoa." Aliyasema hayo kwa kila mgeni aliyeingia.

Titi lililokatwa lililetwa maabara, kama ilivyo desturi, likakatwa vipande ishirini na viwili. Safari hii Bi Penseli hakugusa. Mpole alikata vyote. Daktari alisoma vyote, akaomba vingine kumi, akasoma. Kisha akaomba ile bloku ya kwanza ya sindano ikatwe upya, kwa kina zaidi.

Jumanne asubuhi akamwita Bi Penseli. Alifunga mlango mwenyewe.

"Hakuna saratani," alisema. "Kwenye titi hakuna. Kwenye bloku hakuna. Ni uvimbe wa kawaida, ungetolewa akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Lakini kioo cha kwanza kina kipande chenye saratani, kimekaa pembeni ya vingine. Nimekitazama tangu jana. Kosa la kusoma ni langu, nilipaswa kushuku. Ila sijui kimetoka wapi."

Bi Penseli alijua kabla hajaambiwa. Alitembea hadi kwenye daftari la kukatia, akalifungua. Saa tatu na robo, namba ya yule mama, herufi za Mpole, bila alama ya kumaliza. Chini yake, saa tatu na dakika kumi na nane, namba ya mdogo wake, herufi zake. Yeye aliyewasisitizia watu karatasi laini miaka ishirini na sita hakuwa ameengua maji. Hata hakuwa amekumbuka kwamba kuna maji.

Siku hiyohiyo aliandika kwenye daftari la makosa. Aliandika mistari tisa, bila kujitetea, akasaini. Alimwambia Mpole alisome. Mpole alisoma amesimama, akavua koti lake jeupe na kwenda kukaa nje kwenye ngazi. Daktari alisema barua lazima iende kwa daktari wa upasuaji na kwa familia. Bi Penseli alimwomba kitu kimoja: amwachie amwambie mwenyewe. Daktari akampa mpaka siku ya kliniki, wiki mbili.

Sasa hapa mtu anaweza kumlaumu, na mimi simtetei. Maabara alimaliza kila kitu asubuhi moja. Kwa mdogo wake alikwenda siku hiyo maneno yakiwa mdomoni, akakuta beseni la kuogea limeshaandaliwa, akamwogesha, akarudi nayo. Kesho yake hivyohivyo. Siku ya tatu mtoto wa mdogo wake alikuwepo. Siku ya tano palikuwa na wageni. Kila siku ilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa nzuri. Aliogopa. Huyo ndiye mtu pekee aliyekuwa wake duniani, na alijua akifungua mdomo anaweza kumpoteza.

Siku moja kabla ya kliniki alimkuta peke yake kwenye cherehani, akijaribu kukanyaga huku mkono wa kushoto umelala mapajani. Akamwambia, amesimama, bila kutua mkoba. Alimwambia yote: kiti, bloku, maji, kile kipande.

Cherehani ilinyamaza.

"Kwa hiyo sikuwa mgonjwa," mdogo wake alisema.

"Hukuwa mgonjwa."

"Titi langu lilikuwa zima."

"Lilikuwa na uvimbe tu. Ungeondolewa."

Mdogo wake alitazama kitambaa kilichokuwa chini ya sindano, akakilainisha kwa kiganja. "Umejua lini?"

"Wiki mbili zilizopita. Jumanne ile."

"Jumanne." Alifikiri. "Jumatano ulikuja. Uliniogesha, ukanifunga. Nikakwambia asante Dada, umeniokoa. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Bi Penseli alikumbuka. Alitamani asikumbuke. "Nilisema tumshukuru Mungu."

"Na kesho yake nikakwambia tena mbele ya mama mkwe. Ukainama, ukaendelea kunisugua mgongo."

"Nilishindwa, mdogo wangu. Kila siku nilikuja nikiwa—"

"Kukosea naelewa, Dada." Hakupandisha sauti, na hakukuwa na utani wowote ndani yake. Bi Penseli hakuwahi kuisikia sauti ile tangu alipokuwa akimsuka. "Mimi fundi. Nimeshakata kitambaa cha mtu vibaya, cha harusi, nikampigia simu nalia. Lakini sijawahi kumvalisha mtu nguo niliyoiharibu nikamwambia imempendeza."

Bi Penseli alitaka kupiga magoti. Alibaki amesimama, maana hakuona kama ana haki hata hiyo. Aliuliza kama maji ya kuoga yameshapashwa, akajuta papo hapo kuuliza.

"Yako bafuni. Leo nitaoga mwenyewe."

"Mkono haujafika mgongoni."

"Nitaoga pale unapofika."

Aliinuka akiegemea meza ya cherehani, akaenda hadi mlango wa bafu. Hapo akasimama, mkono mmoja kwenye kifungo cha juu cha blauzi, uso ukutani. Mwili ule Bi Penseli aliuogesha tangu una miaka sita, na mwezi huu wote aliuogesha kila adhuhuri, ukiwa wazi mbele yake bila haya. Mdogo wake hakufungua kifungo. Alikuwa anasubiri dada yake atoke kwanza ndipo avue.