Mtoto wa Mbwa Asiyekauka

Shemeji yangu mfuga mbwa alikuwa na desturi moja: mbwa akizaa watoto wengi kuliko chuchu zake, waliozidi aliwazamisha kwenye ndoo nyuma ya banda. Safari moja mbwa wake mwekundu akazaa kumi na saba, na chuchu ni kumi. Anayebisha abishe, mimi ndiye niliyetandika magunia.

"Waache, shemeji," nikamwambia. "Tutawanywesha kwa chupa, kwa zamu."

"Kwani una maziwa wewe?"

"Yangu yalikauka hujaota ndevu. Ya ng'ombe yapo."

Akacheka, akaenda kuwazamisha saba. Aliporudi, mama yao akatoka, akarejea na mtoto mdomoni, mzima, anachuruzika maji. Akatoka tena na tena, mpaka wote saba wakarudi. Kisha akatoka mara nyingine, akaleta wa kumi na nane, mweupe, sikio moja jeusi.

Shemeji akakaa chini. "Huyu ni wa mwaka juzi," akasema.

Siku hizi anawanywesha wote kwa chupa. Wengine wamekauka, wamenenepa. Huyo mweupe humfuta kwa taulo kutwa, na bado anadondosha maji. Mama yao akiinuka tu, shemeji huniomba nifunge mlango.